Dele la Alhamisi

Kama watu hawaji, kahawa inanywewa na nani?

Swali hilo lilinijia nikiwa darasa la nne, nimesimama kwenye mlango wa wanawake wa ukumbi wetu pale Temeke, natazama viatu vilivyovuliwa kwenye mlango wa wanaume. Wasichana hatukuruhusiwa kuvuka pazia siku ya Alhamisi, lakini hakuna aliyewahi kutunga sheria ya kukataza kutazama viatu. Na viatu vilikuwa vichache: jozi tano, siku nyingine sita, na mojawapo ilikuwa ya baba. Lakini dele la kahawa lilitoka nyumbani kwetu limejaa hadi shingoni. Baba alilibeba kwa mikono miwili, akitembea kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, na kabla ya magharibi alilirudisha likiwa tupu. Finjani nazo zilirudi, masinia mawili yamejaa, kila moja ina kahawa kidogo chini.

Nilimuuliza bibi. Yeye ndiye aliyeipika.

"Mke mwenza, una macho ya polisi," alisema. "Kahawa hunywewa na wenye kiu."

"Lakini bibi, mbona viatu—"

"Viatu vinakunywa kahawa?"

Nilimuuliza mama. Mama alinijibu nikasome.

Kwa wasiotujua: sisi ni wale ambao mtaani tunaitwa Washihiri, ingawa wengi wetu hatujawahi kuiona Hadhramaut, wala hatujui Kiarabu zaidi ya kile cha msikitini. Babu yangu alikuja kijana. Alianza kwa kuuza kahawa kwa miguu Kariakoo, dele mkono mmoja, finjani zinagongana mkono wa pili. Baadaye akapata kibanda, kibanda kikawa duka, duka likahamia Temeke. Bibi yangu hakutoka popote. Alizaliwa hapahapa Pwani, baba yake Mshihiri, mama yake Mzaramo, na akiulizwa kwao wapi alijibu, "Jikoni."

Ukumbi waliujenga babu na wenzake. Nimewahi kuuliza nani hasa aliweka tofali la kwanza, na kila familia imeniapia kwamba ni babu yao. Kama wote wangekuwa wanasema kweli, ukumbi wetu ungekuwa ghorofa. Ulikuwa banda refu la bati lenye sakafu ya saruji, milango miwili, na pazia zito la kijani katikati, wanaume mbele na wanawake nyuma. Uani kulikuwa na shimo lililojengewa matofali, lenye mfuniko wa chuma, ambamo siku za harusi mbuzi mzima aliokwa juu ya makaa mpaka nyama ikaachana na mfupa bila kuombwa.

Miaka yake mizuri niliiona mkiani tu. Nakumbuka Idd moja ambayo watoto tulilala upande wa wanawake juu ya rundo la mabaibui yanayonuka udi, huku wanaume ng'ambo ya pazia wakiimba na kupiga makofi. Nakumbuka mawakala wa forodha waliokuja moja kwa moja kutoka Kurasini, kalamu bado zimo mifukoni, wakinawa mikono na kukaa chini kwenye mkeka karibu na wauza nazi. Mtu akifiwa, msiba ulikaa pale. Mtu akioa, alioa pale. Kama huna undugu na watu wa ukumbi, hata kama mmekuwa majirani miaka thelathini, ulialikwa kula lakini hukupewa ukumbi. Sheria hiyo sikuwahi kuipenda, na nilipokua nilisema hivyo kwa sauti, mara nyingi na mahali pasipostahili.

Lakini moyo wa ukumbi ulikuwa Alhamisi. Baada ya swala ya alasiri wanaume walikutana, wakasoma dhikri kidogo, wakanywa kahawa, wakasengenya. Mwisho hapo. Na kahawa hiyo ilikuwa na kanuni moja ambayo babu aliileta au aliitunga, sijui: kahawa haipimwi kwa waliokuja, inapimwa kwa wanaoweza kuja. Dele lilijazwa kila wiki, kwa sababu mtu angeweza kutokea safari, angeweza kuja na wageni, angeweza kurudi baada ya miaka kumi ya ugomvi, na haikufaa akute dele limekauka. Zamani nyumba zilipokezana kupika. Nyumba moja ikahama, nyingine mke akaanza kazi benki, nyingine ikasema jiko lake sasa ni la gesi na dele halikai. Mwishowe Alhamisi zote zikabaki za bibi.

Babu alipofariki nilikuwa mdogo sana, lakini kilichotokea kwenye arobaini yake nimesimuliwa na kila aliyekuwepo, na kwa hilo tu wote wanasimulia sawa. Mzee mmoja alipendekeza kwamba, kwa kuwa mwenyewe hayupo, kahawa ipikwe kwenye birika dogo. Bibi akajibu kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti iliyofika mpaka mlango wa mbele:

"Siku dele langu likirudi limejaa, na mie mnichimbie."

Wanaume walicheka. Baba hakucheka. Baba ni mtu anayechukua maneno ya mama yake kama cheti cha daktari, na bibi kweli alikuwa na presha. Tangu siku ile aliamini kwamba uhai wa mama yake umo ndani ya dele, na kwamba ni wajibu wake kuhakikisha linarudi tupu.

Mambo mengine yalikwenda yalivyokwenda kila mahali. Vijana walienda Muscat. Waliobaki na hela walihamia Msasani, wakaanza kuolea kwenye kumbi zenye viyoyozi na kamera zinazoruka juu ya biharusi kama nzi. Waliobaki bila hela walinunua viwanja Chamazi, na kutoka Chamazi hadi kwetu, kwa foleni ya jioni, dhikri inakwisha hujafika. Likaundwa kundi la WhatsApp. Kila Alhamisi mtu alituma picha ya kikombe cha kahawa chenye waridi pembeni, na watu arobaini wakajibu "Amin". Nilimwonyesha baba. Akatazama waridi, akasema, "Hii haihitaji mkaa."

Wazee wa viatu walipungua mmojammoja. Wa mwisho alikuwa fundi saa, mzee mwenye mkono unaotetemeka, ambaye tangu aache kutengeneza saa alikuwa akivaa mbili, moja kila mkono, na hazikuwahi kukubaliana. Alikuja kila Alhamisi mpaka Alhamisi aliyokuwa amelazwa. Nilikuwa kidato cha sita tulipomzika. Baada ya hapo kwenye mlango wa wanaume ilibaki jozi moja, na naijua, kwa sababu nilikuwa nikiisugua mwenyewe kila Ijumaa.

Dele liliendelea kutoka limejaa na kurudi tupu.

Hapa lazima niwaeleze jinsi bibi alivyopika. Jumatano alikaanga na kutwanga, mlango wa jiko umefungwa, maana alisema harufu ikishatoka nje hairudi. Alhamisi alichemsha, akatia tangawizi na hiliki, akamimina kwenye dele. Hakuna aliyeruhusiwa kuonja. Watoto hawanywi kahawa, wasichana hawanywi kahawa, mama anakunywa chai, yeye mwenyewe alikatazwa kwa ajili ya presha, na baba ana vidonda vya tumbo ambavyo vilimwondolea kahawa, pilipili na ndimu kwa siku moja. Kwa hiyo nyumba iliyowapikia kahawa watu wote haikuwa na mtu hata mmoja wa kuinywa. Nililiona hilo kuwa jambo la kuchekesha. Bibi aliliona kuwa ndiyo maana ya kupika.

Buni tuliinunua kwa jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bukoba, ambaye dada yake humtumia kwa basi. Mtaa mzima tulimwita Mwalimu. Yeye ni Mlutheri. Krismasi bibi alimpelekea sinia la wali, na Ramadhani yeye alituletea ndizi mbichi za futari. Jioni alipenda kukaa chumbani kwa bibi wakizungumza, bibi ameegemea mto, pembeni yake kopo la maziwa ya unga lililojaa kokwa za tende. Kokwa zile alihesabia uradi, akizitoa moja moja na kuzirudisha. Kwetu hazikupungua, maana baba anauza tende dukani na zilizopondeka zote zilikuja nyumbani.

Nilipoanza chuo nilikuwa mtu mgumu kuishi naye. Nilikuwa nimejifunza kuuliza "kwa faida ya nani?" na niliuliza hata juu ya chumvi. Wakati huo paa la ukumbi lilikuwa limeanza kuvuja, na watoto wa waasisi, wale wa Msasani, walimpigia baba simu kila mwezi: upangishwe, watu wafanyie sherehe, tupate bati jipya. Baba alijibu vilevile kila mara.

"Mama akiwa hai, haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?" nikauliza siku moja mezani. "Tunahifadhi nini pale? Pazia?"

"Kula."

"Baba, unafunga duka kila Alhamisi alasiri, ndio saa ya wateja. Unakwenda kukaa na nani?"

"Nimesema kula."

Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Bibi alikuwa chumbani, mlango wazi.

Jibu la swali langu la utotoni nililipata Alhamisi moja niliporudi kutoka chuo na kukuta nyumba imefungwa. Mama alikuwa shughulini, bibi amelala ndani na hasikii hodi. Nikaenda ukumbini kumwomba baba ufunguo. Niliita kwenye mlango wa wanawake, kimya. Nikaita tena. Basi nikafanya ambalo sikuwahi kulifanya siku ya Alhamisi: nikavuka pazia.

Baba alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, miguu imekunjwa, finjani zimepangwa mbele yake kwa safu kama wanafunzi. Aliinua dele, akamimina katika ya kwanza, akaizungusha kidogo, akaimwaga kwenye ndoo. Akashika ya pili. Akaizungusha. Akaimwaga.

"Baba, unafanya nini?"

Alishtuka, lakini hakuiacha finjani. "Vikombe hivi," alisema.

"Unaviosha kwa kahawa?"

"Navichafua."

Yeye akachukua ya tatu.

"Bibi yako ndiye anayeviosha," alisema, sasa kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza mteja bei ya sukari. "Akiona safi, atajua. Mwanzoni nilikuwa nachafua vya wasiokuja tu. Sasa navichafua vyote."

"Na hiyo ndoo?"

"Shimoni."

Nikatazama uani. Lile shimo la mbuzi, ambalo moto wake wa mwisho siukumbuki, lilikuwa jeusi mpaka juu, na sio kwa masizi.

"Miaka yote hii?"

"Usiniangalie hivyo. Wewe ungefanyaje?"

Nilikuwa na jibu, bila shaka. Nilikuwa na majibu ya kila kitu mwaka ule. Ningemwambia bibi ukweli, ningesema mtu mzima ana haki ya kujua, ningesema mengi. Lakini niliuona mguu wake mmoja umekufa ganzi naye anausugua, na tangawizi imepanda hewani mpaka macho yananiwasha, na nikakaa chini nikachukua finjani upande wa pili wa safu. Tulizichafua mpaka zikaisha.

"Ukimwambia," alisema tukiwa njiani, "na akafa, nitakuwa nimemuua kwa mdomo wako."

"Na usipomwambia utakufa wewe na vidonda vyako."

"Mie bado kijana," alisema, akahamisha dele mkono wa pili.

Hivyo ndivyo tulivyokaa, zaidi ya mwaka. Nikiwepo Alhamisi, nilikwenda kumsaidia. Nilidhani nimeelewa kila kitu: mwanamke mzee anaamini, mwanawe anamlinda, ukumbi unaoza katikati yao. Niliona kila wiki mabega ya baba yakizidi kushuka. Na bibi naye alichoka, nililiona hilo, mikono yake ilianza kuvimba kwenye viungo na Alhamisi asubuhi alishindwa kufunga kanga yake mwenyewe, lakini nikisema apumzike alinifukuza jikoni. Jumatano mchi wake uligonga kinu kama fundi anayevunja zege.

Kilichotutoa hapo ni mvua.

Binti wa Mwalimu alikuwa anaolewa, na send-off yake ilikuwa kwenye ukumbi mmoja wa Mbagala. Wiki ile mvua ilinyesha mfululizo, na Ijumaa asubuhi Mwalimu akaja dukani kwa baba na ndala zimejaa tope. Ukumbi wa Mbagala ulikuwa na maji mpaka kiunoni. Sherehe ilikuwa kesho yake.

"Baba mwenye nyumba," alisema, kwa sababu hivyo ndivyo alivyomwita tangu apange chumba kwetu miaka mingi nyuma, "nimekuja kuomba jambo ambalo najua haliombwi."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta. Niliona sheria ya ukumbi, na paa linalovuja, na bibi, vyote vikipita usoni mwa baba. Kisha akakumbuka, nadhani, nani alisugua masufuria kwenye msiba wa babu mpaka vidole vikachubuka.

"Taratibu lakini," alisema. "Muziki chini. Bibi asisikie."

Watu wazima wawili waliafikiana kwamba send-off ya Wahaya wa Dar es Salaam itafanyika kimya. Mpaka leo nashangaa.

Jumamosi saa kumi jioni spika zilifunguliwa na kuta za mtaa zikatetemeka. Bibi alikuwa barazani. Aliinua kichwa.

"Ile ni kwetu," alisema. "Nani wako ukumbini kwetu?"

"Redio ya jirani, mama," baba alisema.

"Redio ya jirani inapiga vigelegele?" Akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu. "Mke mwenza, nipe mkono."

Hakuwa amekwenda ukumbini tangu miguu yake igome. Nilimshika upande mmoja, baba upande wa pili, na njia nzima baba alikuwa akinong'ona kitu ambacho nilidhani ni dua, kumbe ni, "Jamani, jamani, jamani." Nilihisi mapigo ya bibi kwenye kiganja changu na nikajikuta nami, mtu wa mashaka, nikiomba.

Hakwenda mlango wa wanawake. Aliingilia wa mbele.

Pazia la kijani lilikuwa limefungwa pembeni kwa utepe wa zambarau. Mahali wazee walipokuwa wakikaa kwenye mkeka palikuwa na meza kuu yenye vitambaa na maua ya plastiki, na binti wa Mwalimu nyuma yake kama malkia. Watu walikuwa na viatu ndani. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mle. MC, kijana mwenye suti ya kung'aa kama samaki, alituona mlangoni akanyanyua kipaza sauti.

"Subirini, subirini! DJ kata! Tumepata mgeni mkubwa kuliko mgeni rasmi! Bibi huyu ni wa upande gani?"

"Upande wa kujenga," alisema bibi.

Ukumbi ukacheka, ingawa nusu yao hawakusikia. Mwalimu alikuja mbio, gauni amelishika, na mbele ya watu wote akapiga magoti, kama wanavyosalimia kwao. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Inuka, utachafua nguo. Binti ndio yule?"

"Ndiye."

"Mbona amenuna?"

"Kaambiwa asicheke, mama, eti biharusi hacheki."

"Mwambie acheke. Mie nilinuna, nikapata mume mkali."

Walimwekea kiti karibu na meza kuu. Akakaa, mkongojo katikati ya magoti, akaanza kutazama. Alitazama bati, alitazama feni zilizokodishwa, alitazama watoto wasiojulikana wakiteleza kwenye sakafu aliyoijua. Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na glasi ya maji, tayari kwa chochote. Nilikuwa nimeshika simu, namba ya bodaboda iko mbele yangu. Wakampa soda ya machungwa. Akaipokea, akaishika bila kunywa.

"Kahawa ipo?" aliuliza.

Mwalimu akamtazama baba. MC, ambaye hakupitwa na kitu, akaingilia. "Bibi anataka kahawa! Kamati, kahawa ya bibi!"

"Sijasema nataka. Nimeuliza kama mmepika."

"Hatujapika, mama," alisema Mwalimu polepole. "Kuna soda na juisi tu."

"Watu wote hawa na hamjapika kahawa?"

"Hatujapika."

Bibi alivuta pumzi ndefu. Nilimwona baba akiinua glasi.

"Alhamdulillahi," alisema bibi, akanywa soda yake.

Alikaa mpaka keki ikakatwa. Alilishwa kipande na biharusi, akasema kina sukari ya kuua, akaomba kingine. Walipopiga muziki wa kutoa zawadi, alipunga mkongojo kwa mapigo ambayo hayakuwa ya wimbo ule. Baba alikuwa bado ameshika glasi ya maji. Hatimaye akainywa mwenyewe.

Njiani kurudi bibi alisimama karibu na nguzo ya umeme kupumzika.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Alhamisi sitapika."

"Unaumwa?"

"Naumwa mikono. Naumwa siku nyingi." Akatazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Ukumbi una watu. Watu wamekula, wameshiba, na mie sikukaanga kitu. Kumbe inawezekana. Wale wa Msasani wanaotaka kupangisha, waambie wapangishe. Waezeke bati."

"Mama, kuna jambo kuhusu ukumbi nilitaka—"

"Nimekuuliza?"

"Hapana."

"Basi twende, miguu yangu inawaka."

Alhamisi iliyofuata baba alirudi kutoka dukani alasiri kwa mazoea, akaingia jikoni, akakuta dele limeoshwa na limegeuzwa juu chini kwenye rafu. Akaenda kulala. Alilala mpaka adhana ya magharibi, mdomo wazi, kiatu kimoja mguuni, na mama akatukataza kupita karibu na mlango. Bibi alikuwa barazani na kopo lake. Alinikonyeza. Nilidhani ananikonyeza kwa ajili ya kukoroma kwa mwanawe.

Nimesoma watu wakiandika juu ya kumbi kama zetu kwa uchungu mwingi, kwamba kitu kimekufa. Wana haki yao. Mie niliyeona ndoo na shimo siwezi kulia nao. Ukumbi sasa una bati la bluu na rangi mpya. Asubuhi ni tuition ya darasa la saba, Jumamosi ni kitchen party na send-off, na shimo la mbuzi limefukiwa, wamepanda mchicha juu yake ambao unastawi vizuri sana. Baba hafungi duka Alhamisi. Amenenepa. Vidonda vya tumbo vimetulia, anakula hata ndimu. Wakati mwingine watu wa Chamazi na Msasani hukodi ukumbi kwa harusi, wanalipa kama wengine, wanapiga picha kwenye mlango wa mbele na kusema kwa machozi kwamba babu yao aliweka tofali la kwanza.

Bibi aliishi miaka mingine kadhaa, vidole vyake vikapata nafuu, akarudi kufunga kanga mwenyewe. Alifariki nyumbani, kwa utulivu, baada ya kulalamikia chumvi ya mchuzi. Kisomo chake cha arobaini tulikifanyia ukumbini, baada ya baba kumbembeleza meneja atuingize kati ya tuition na kitchen party.

Nilitaka siku ile kahawa ipikwe kama yake, dele limejaa. Nikaenda kwa Mwalimu, ambaye sasa amestaafu na ana wajukuu wawili, kununua buni.

"Nipimie kama aliyokuwa anachukua bibi," nilisema.

"Ya mwanzo au ya mwisho?"

"Kuna tofauti?"

Akaniangalia ili aone kama namtania. Kisha akaweka kipimo chini.

"Hamkujua? Baba yako naye hajui?"

"Hatujui nini, Mwalimu?"

"Aliniambia, 'Mwanangu ana pa kwenda Alhamisi. Nikimnyima dele, atakwenda wapi?' Nilidhani mmeshacheka wote na yamekwisha." Akafunga mfuko wa buni bila kuupima. "Ile ya mwisho, binti yangu, haikutoka kwangu."

Ndipo aliponieleza. Wiki ileile aliyozikwa fundi saa, bibi aliacha kununua buni. Tangu hapo, kila dele ambalo baba alilibeba kwa mikono miwili lilikuwa na maji, tangawizi, na kokwa za tende kutoka kwenye lile kopo, zimekaangwa mpaka zikawa nyeusi na kutwangwa.